Kuhesabu Mahandaki Gizani

Barua ya baba mdogo ilikuwa na mistari mitatu. Wa kwanza ulinipongeza kwa kumaliza kidato cha 6. Wa pili ulisema nauli amepewa mtu wa Buguruni, nikaichukue. Wa tatu ndio ulioninyima usingizi: "Ukija, njoo na ile fomu, na njoo na sababu."

Fomu ilikuwa ya kuombea nafasi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Nilikwisha kuijaza kwa penseli, chaguo la kwanza uhandisi wa ujenzi, nikaificha chini ya godoro. Baba mdogo ndiye aliyenisomesha tangu baba alipofariki. Alikuwa mwalimu wa hesabu wa shule ya msingi huko Mbeya, mtu ambaye ukimwambia ni saa nane anakuuliza umejuaje. Kwake jibu tupu halikuwa na maksi. Alitaka aone njia.

Njia sikuwa nayo. Nilisoma mchepuo wa PCM, yaani fizikia, kemia na hisabati, na wala sikuuchagua kwa maana ya kuchagua. Ulifaulu hesabu na fizikia kidato cha 4, ukapangiwa huko. Ukishakaa huko mtaa mzima unakuita injinia kabla hujajua hata kubadilisha fyuzi. Pale kwetu Temeke jirani alishaniletea pasi yake iliyokufa. Niliifungua, nikaitazama sana, nikaifunga. Haikupona, lakini heshima yangu haikupungua, kwa sababu nilikuwa nimeitazama kisomi.

Basi mwezi Juni 1996 nikaingia stesheni ya TAZARA kwa mara ya kwanza maishani. Jengo lile nilikuwa nikilipita kwa daladala miaka yote, pale barabara iliyoitwa ya Pugu wakati ule inapokutana na Mandela, nikidhani ni mali ya watu wanaokwenda Zambia. Mimi nilikuwa sijawahi kuvuka Chalinze. Nilibeba begi moja, chapati nane za mama na bahasha ya kaki yenye fomu, ambayo niliishikilia kama mtu aliyebeba mayai.

Daraja la pili lina vyumba vya watu sita, vitanda vitatu kila upande, wanaume mbali na wanawake mbali. Wa kwanza kufika alikuwa mfanyabiashara wa Tunduma mwenye mabunda ya vitenge, aliyechukua kitanda cha chini bila kutazama tiketi. Akaja mwanafunzi wa uhandisi wa mwaka wa pili kutoka Mlimani, chuo kile kile cha fomu yangu, anakwenda Mbeya kwa mafunzo ya vitendo. Wakaja ndugu wawili walioshuka usiku huo huo Ifakara, na ambao sikumbuki wamesema lolote. Wa mwisho alikuwa mzee mwembamba mwenye kofia ya sufu, na Dar es Salaam wakati huo hapakuwa na baridi ya kumvalisha mtu sufu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mjukuu. Unafika wapi?"

"Mbeya."

"Utaihitaji," akasema, akigusa kofia yake.

Treni iliondoka alasiri. Minazi ikapita, mihogo ikapita, mji ukaisha. Mfanyabiashara aliiona bahasha yangu, akauliza nina nini humo, nami kwa ujinga wa ujana nikasema kweli.

"Injinia!" akacheka. "Injinia ninayemjua mimi ni yule anayekuja na kofia ya njano barabara ikishaharibika."

Mwanafunzi wa Mlimani akacheka kuliko sote. Nilipomuuliza yeye aliingiaje uhandisi, alijibu bila aibu: "Baba. Mimi nilitaka sheria. Mzee akasema mwanasheria ni mtu wa maneno, mtoto wa kwanza hawezi kuwa mtu wa maneno. Basi." Akamenya chungwa. Kitivo chao kilianzishwa mwaka 1973 kwa msaada wa Ujerumani Magharibi, alieleza, na katika darasa lake wale waliokuja kwa mapenzi wanahesabika kwa vidole. Wengine wameletwa na baba, wengine na maksi. Wengine wanajua kwamba mhandisi haozi kwa shida.

Hilo la mwisho ni kweli tupu. Hadi leo, kwenye vikao vya harusi, kadi ikiandikwa "Mhandisi" mbele ya jina, mwenye kadi anajikuta ameandikiwa mchango ambao mwenzake mwalimu haandikiwi.

Lakini kijana yule aliyeletwa na baba ndiye aliyenionyesha kitu cha kwanza. Alichukua mkono wangu, akapima vidole vyangu vinne kwa rula yake.

"Karibu sentimita 7. Unajua hizi ni nini? Hii ndiyo tofauti ya reli hii na Reli ya Kati. Ile ina milimita 1,000 kati ya chuma na chuma. Hii ina 1,067. Zote zinaanzia Dar es Salaam, na treni ya huku haiwezi kukanyaga kule."

Nikauliza kwa nini waliojenga baadaye wasifuate kipimo cha waliotangulia. Hapo akakaa vizuri. Reli hii, alisema, haikujengwa kwa ajili ya Dar es Salaam na Mbeya peke yake. Walowezi wa Rhodesia walipojitangazia uhuru wao Novemba 1965, Zambia ilikuwa inapitisha shaba yake kwao, mzigo wa nchi nzima ukiwa mikononi mwa watu iliogombana nao. Nyerere na Kaunda wakatafuta wa kujenga njia ya kwenda bahari ya Hindi. Benki ya Dunia ilikwisha kusema haitalipa. Uchina ikakubali, mkataba ukatiwa saini Beijing mwaka 1967, mkopo usio na riba. Na kwa kuwa reli ya Zambia, kama zilivyo za kusini yote, ilikuwa ya milimita 1,067, hii nayo ikafuata, ili mabehewa yatoke kwenye migodi mpaka bandarini bila kushusha mzigo.

"Kwa hiyo vidole vinne hivi," akasema, akiuachia mkono wangu, "ni siasa."

Sijawahi kusahau jinsi macho yake yalivyokuwa wakati ule. Mtu aliyeletwa na baba yake! Miaka mingi baadaye nimekaa upande wa pili wa meza, nikiwasaili vijana wanaoomba kazi, nikiwauliza lile swali la baba mdogo. Wote wanajibu kwamba wanapenda hisabati na wanataka kulijenga taifa. Wanajibu haraka, kama wanaoitikia salamu. Siku hizi siandiki chochote wanapojibu hapo. Nawapa karatasi niwaone wakichora.

Jioni tuliingia Selous, sehemu ambayo leo ni Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Abiria wote wakahamia madirishani. Twiga walikuwepo, swala walikuwepo, na mtu mmoja wa chumba cha pili aliapa kwamba ameona simba, ingawa kwa maelezo yake ilikuwa kichuguu. Mzee wa kofia ya sufu peke yake hakuinuka. Alikuwa amefumba macho, mkono umelala kwenye ukingo wa dirisha, na nilipomtazama kwa muda nikagundua kwamba hasinzii. Alikuwa anasikiliza.

"Hapa tunapinda kushoto," akasema, nasi tukapinda kushoto.

Alikuwa ameitembea njia hii kwa miguu miaka ishirini na ushee. Kwanza kama kibarua wa kuijenga, kisha kama mtu wa gengi, wale wanaopita na nyundo na spana kukaza reli na kupanga kokoto chini ya mataruma. Kila kipande cha gengi lake alikijua kwa sauti, kama mama anavyojua kikohozi cha kila mtoto gizani.

Nilimpa chapati. Akanipa hadithi.

Reli ilianza kujengwa Oktoba 1970, na Novemba 1971 ilikwisha kufika Mlimba, kilomita 502. Mpaka hapo ni bonde, alisema, tabu yake ni maji na mbu. Kutoka Mlimba ndipo unapokutana na ukuta. Bonde la Kilombero liko chini kabisa, Makambako iko juu zaidi ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, na treni si mbuzi. Kuipandisha mita mbili tu katika kila mita mia ni kuitesa. Basi ikabidi reli iuzunguke mlima, iparuze ubavu wake, iruke mabonde, na pale isipopata pa kupita, ipite ndani. Katika kilomita zisizofika 160 kuna mahandaki 18 na madaraja 46.

Yeye alikuja na darasa la 4 na mabega. Siku za mwanzo alisukuma toroli la udongo. Kisha Mchina mmoja mpimaji, mfupi, asiyejua Kiswahili zaidi ya "haya" na "bado", alimchukua awe mshika fito. Fito ndefu, yenye mistari ya rangi nyekundu na nyeupe. Mchina anasimama mbali na darubini yake yenye miguu mitatu, anatazama, anapunga mkono. Kushoto. Kushoto tena. Bado. Bado. Haya! Na pale penye "haya" kinapigwa kigingi.

"Alikuwa ananifundisha kwa kufanya," mzee alisema. "Kitu hajanionyesha kwa mkono wake mwenyewe, haniambii nikifanye. Jua likiwaka linamwakia na yeye."

Handaki lao lilichimbwa kutoka pande mbili. Kundi moja huku, kundi moja kule, mlima katikati, na hakuna anayemwona mwenzake. Baruti, kubeba mawe, kusimika mihimili, baruti tena. Kila asubuhi mpimaji anaingia na taa, na mzee anaingia na fito. Haya. Bado. Haya. Siku moja wakaanza kusikia kugonga ambako si kwao. Kesho yake tundu likatokea, na kabla hawajaona mtu wa upande wa pili, upepo ukapita.

"Upepo," alirudia. "Miezi yote hiyo hatujasikia upepo mle ndani. Watu wazima tulilia."

"Na mlikutana sawasawa?"

Akainua kiganja chake, akakiweka wima. "Tulipishana hivi. Mchina akakasirika. Aliona ni kingi."

Mwanafunzi wa Mlimani alikuwa ameacha kula. Akamuuliza kama hakuona tamaa ya kwenda kusoma, maana mwaka 1972 vijana wapatao 200 wa Tanzania na Zambia walipelekwa Beijing kusomea kazi ya reli. Mzee akasema aliwaona wakiondoka, na kwamba walitakiwa wenye masomo kuliko yake. Hakusema kwa uchungu. Uchungu wake aliuhifadhia Gongo la Mboto, kwenye makaburi ya Wachina zaidi ya 60 waliofia kazi hiyo. Huko hupita kila akifika Dar es Salaam, na ndiko alikokuwa ametoka.

Kisha akanigeukia mimi na bahasha yangu. "Mimi nilijua fito iende wapi. Kwa nini iende pale na si hapa, sikujua. Nilimuuliza yule Mchina kwa mikono. Akanichorea pembetatu chini kwenye vumbi, pembetatu moja, mbili, tatu, zinapanda mlima. Nikatikisa kichwa kama nimeelewa." Akanyamaza. "Sikuelewa. Nimezitandika kichwani miaka ishirini na kitu, sijaelewa."

Taa ikazimwa. Ndugu wa Ifakara walishuka na mizigo yao, chumba kikabaki na nafasi, nami nikalala.

Mkono wa mzee ndio ulioniamsha. Treni ilikuwa imesimama Mlimba, nje sauti za wanawake wanauza ndizi na chai gizani. Njia ni moja, treni zinasubiriana, hivyo tulikaa mpaka mizigo ya kutoka juu ikapita. "Inuka, mjukuu. Tunaanza kupanda. Hesabu."

"Nitahesabuje na giza hili?"

"Kwa masikio."

Injini ilibadilika sauti, ikawa kama mtu anayenyanyua gunia. Tukaenda pole pole, tukipinda na kupinda. Kisha ghafla kelele zote za magurudumu zikaturudia usoni, masikio yakaziba, harufu ya moshi wa dizeli ikajaa chumbani, na pale dirishani ukaja ubaridi wa mwamba, ubaridi usio na upepo. "Moja," akasema mzee. Tulipotoka, sauti ikafunguka. Dakika chache baadaye ikatokea kinyume chake: sauti ya treni ikaanguka, ikaenda chini, chini, isirudi. Tumbo langu likaifuata. "Hilo daraja. Usilihesabu."

Kwenye handaki sauti inakurudia, kwenye daraja inakukimbia. Sheria ilikuwa hiyo tu. Nililala chali na kuhesabu kwa vidole: mbili, tatu, nne. Lile daraja la mto Mpanga, ambalo nguzo zake zina urefu wa karibu mita 50, tulilipita bila mimi kuona hata ukingo wake. Nilisikia tu kimya cha ajabu chini yetu, na mzee akisema polepole, "Sasa uko juu ya miti."

Nilichokuwa nafikiri kwenye giza lile ni kitu cha kitoto. Nilifikiri kwamba treni yenye watu mamia waliolala inapita juu ya hewa, dereva ametulia, mfanyabiashara wa Tunduma anakoroma, na hakuna hata mmoja anayeshukuru. Ndiyo kwanza nikaelewa neno letu. Kiswahili kina fundi, kina fundi mchundo, kina fundi sanifu, halafu kina mhandisi, ambalo tumelichukua kwa Waarabu, na kwao handasa ni jometri. Zile pembetatu za vumbini. Mzee alikuwa fundi, tena fundi kweli, na kati yake na Mchina wake kulikuwa na michoro mitatu ardhini.

Kulipokucha tulikuwa juu. Ukungu ulijaa mabondeni, na reli tuliyotoka kuipita ilionekana chini yetu, ng'ambo ya bonde, kama uzi mtu alioudondosha. Nilikuwa natetemeka kwa shati langu la mikono mifupi. Makambako, kila mtu aliyesimama stesheni alikuwa anatoa moshi mdomoni. Mzee akachukua kifurushi chake.

"Umepata mangapi?"

"Kumi na moja."

"Umelala mahandaki saba!" Akacheka mpaka akashika mlango, kisha akashuka. Nilimtazama akiliruka shimo la maji, akiitazama reli, akiigusa kwa ncha ya kiatu kama mtu anayepima moto wa chai, kisha akaondoka. Jina lake sikuuliza. Tulikuwa tumetosheka na mzee na mjukuu.

Baba mdogo alinisubiri stesheni ya Mbeya, kule Iyunga, ameshika sweta mkononi. Alijua kwamba sitakuwa nalo. Hakuniuliza kitu siku hiyo, wala siku ya pili. Siku ya tatu, baada ya chakula, akavuta taa karibu, akasema, "Lete."

Akaisoma fomu yote, hata maelezo ya nyuma. "Sababu?"

Nilikuwa nimeandaa hotuba. Badala yake nikamwambia habari za fito, za upepo, za kiganja kile kilichosimama wima. Akanisikiliza kama anavyosikiliza mwanafunzi anayechelewa kufika kwenye jibu.

"Pande mbili za mlima," akasema. "Hawaonani. Wanajuaje kwamba watakutana?"

"Sijui, baba."

Alinitazama. Akafungua kalamu yake ya wino, ile ya kusahihishia, akanisogezea. Nikaanza kupitisha wino juu ya maandishi yangu ya penseli, herufi moja moja, naye akaenda kumnywesha ng'ombe maji.

Jibu nililipata mwaka wa pili Mlimani, katika somo la upimaji. Unapima upande mmoja kwa makini yote, mahali tambarare. Kutoka ncha zake unapima pembe kwenda kwenye kilele unachokiona, na upande mmoja ukiujua pamoja na pembe zake, pande nyingine zinajitokeza zenyewe kwa hesabu. Pembetatu inazaa pembetatu, mpaka zinavuka mlima na kushuka upande wa pili. Saa moja ya darasa. Nilitoka nikiwa na hamu ya kupanda treni kwenda Makambako kumtafuta mtu ambaye jina lake silijui. Na ingekuwa vema kusema kwamba nimejenga mahandaki. Miaka yangu mingi imekwenda kwenye makalavati ya barabara za changarawe, vitu ambavyo mtu huviona siku vikiziba, na yule mfanyabiashara wa Tunduma angenikuta na kofia ya njano hasa.

Lakini kabla ya yote hayo kulikuwa na safari ya kurudi, wiki mbili baadaye, usiku tena, fomu ikiwa imeshatumwa kwa posta. Nilinunua chai chupa nzima Makambako, nikavaa sweta la baba mdogo, nikakaa wima kitandani mgongo ukutani. Treni ikaanza kushuka. Nilihesabu kwa sauti mpaka wenzangu chumbani wakaniomba ninyamaze, nikahesabu kimoyomoyo. Tulipofika Mlimba nilikuwa na kumi na saba. Moja mpaka leo sijui lilinipita wapi.